Bwana Sikio Hataki Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na kama kila mwaka imeanzia kwenye duka la mdogo wangu. Yeye ni fundi wa televisheni na redio, na paa la duka lake ni chujio. Jioni alifika mlangoni na mkokoteni, vitu vyote kavifunika kwa turubai isipokuwa yeye mwenyewe.

"Dada, nihifadhie mpaka mvua ziishe."

"Na mimi nikae wapi?"

"Kwani wewe huwa unakaa?"

Hapo alinipata. Vitu vikaingia: redio mbili, feni isiyo na mapanga, televisheni ya kichogo, na mashine ya zamani ya kuchezea gemu ambayo mteja aliileta kutengenezwa halafu hakurudi tena. Mama mkwe aliangalia sebule ilivyojaa, akasema, "Haya, sasa mimi nitalala ndani ya redio." Mume wangu yuko njiani na lori. Angekuwepo, angecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wa Kidoti alinisimamisha getini. Binti yangu ana miaka saba na kidoti cheusi shavuni, ndiyo maana ya jina hilo. Ana kigugumizi pia. Kinamkaba zaidi kwenye M. Neno likianza na M, mdomo unafunga kama mlango wenye komeo na macho yanamtoka. Siku hizi haniiti tena. Akinitaka, ananivuta gauni.

"Mama Kidoti," mwalimu aliniambia, "mwisho wa muhula kila mtoto atasoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mwanao muhula wote uliopita hakufungua kinywa. Nisipomsikia, nitambakiza darasa hilihili na wadogo."

"Anajua kusoma, Mwalimu. Nyumbani namwona akifuatisha kwa kidole."

"Kidole sikisikii, mama."

Nilirudi na mtoto mkononi, mvua ikitupiga mgongoni. Alisikia yote. Alinivuta gauni mara moja, nikamwambia, "Nyamaza, tutaona," na yeye hata hakuwa amesema kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Kazini, shuka za hoteli tunazofua hazikauki hata kwenye rola, ile mashine kubwa ya kupigia pasi. Miguu inawaka moto.

Jumapili, 9 Machi

Leo mdogo wangu aliwasha ile mashine ya gemu. Alitoa kaseti iliyochubuka karatasi yake, akaipuliza kama anayepuliza kuni mbichi, akaichomeka. Televisheni ikapiga mlio wa paka aliyekanyagwa.

Kisha akatokea mtoto wa vidoti vikubwa vikubwa, amevaa gauni la kulalia, ameshika ufagio. Mdogo wangu alimwambia mpwa wake, "Ona, huyo ni wewe." Chini kuna maandishi kama kuku kachakura kwenye unga. Hakuna kati yetu anayejua ni ya lugha gani. Tulichoelewa ni kwamba mtoto yuko ndani ya nyumba kubwa, anashuka ngazi kutafuta mlango wa kutokea, na kila chumba kina bosi wake.

"Bosi ndiye nani?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiye zimwi la chumba, Mama. Ukimshinda unapita. Ukifa, roho moja imeondoka, na zikiisha unaanza upya."

"Aa, basi hata huko kazini kwa mkwe wangu wanaye."

Bosi wa kwanza ni kabati la nguo lenye meno. Akicheka anatapika viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Kiatu kikikugonga, mifupa yako inaruka nje ya mwili, inacheza ngoma kidogo, halafu inaanguka mmoja mmoja. Kidoti alikufa akacheka, akafa tena akacheka. Mimi nilikuwa naziba macho na kuchungulia kati ya vidole. Mama mkwe alishindwa kuvumilia. Alisimama, akainyooshea televisheni mkono, akapiga kelele, "Shindwa!"

Na palepale Kabati akadondoka chali, milango wazi.

Tulitazamana. Mdogo wangu alisema, "Mama, wewe utakuwa unakuja kazini kwangu."

Jumatano, 12 Machi

Kidoti ameniuliza kwa shida sana: bosi wa kazini kwako ana roho ngapi? Nilimalizia swali kabla hajafika mwisho, nikamjibu kwamba hana hata moja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika nimechoka, nikakuta mama mkwe kaketi nje kwenye baraza, kashika tama.

"Mkwe wangu, kaa. Mtoto ana miaka saba tu, au nimehesabu vibaya?"

"Saba, Mama. Kuna nini?"

Alishusha sauti. "Nimesikia mwenyewe kwa masikio yangu. Anamwambia mjomba wake, mwanamume mzima, 'Nipe pedi.' Na mjomba anampa!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Pedi ndiyo kile cha kushika mkononi chenye vitufe, cha kuchezea gemu. Nilipomweleza, akasema, "Basi kingeitwa usukani, watu wazima tungeelewa." Tangu leo nyumbani kwetu kinaitwa usukani.

Jumapili, 23 Machi

Niandike hili vizuri.

Mabosi wa gemu huongea kabla ya kupigana. Maneno yanatokea juu ya vichwa vyao kwenye kile kiputo cheupe, kwa ile lugha ya kuku. Kidoti hukaa akinitazama mpaka nimsomee. Basi mimi natunga. Kabati nimempa sauti nzito ya mtu aliyekula akavimbiwa: "Nani kaingia na viatu vyenye tope kwenye tumbo langu?" Wa pili ni birika lenye miguu ya kuku, linalolia machozi ya moto. Tumemwita Mama Birika, na anasema kwa sauti ya puani: "Mnaninywa, mnaninywa, hakuna hata anayeniuliza kama nimelala." Mama mkwe alisema huyo ni mimi mtupu.

Leo nilikuwa nakanda unga, mikono yote imegandwa nao. Kabati akatokea tena, safari hii kavaa miwani. Kidoti alinivuta gauni.

"Siwezi sasa hivi, mwanangu. Subiri."

Kabati hasubiri. Nikasikia nyuma yangu sauti nzito, ya tumboni: "MIMI NDIYE MKUBWA WA MEZA NA MAKOCHI! MTOTO, MIGUU YAKO MICHAFU!"

Nilifikiri ni mdogo wangu. Nikageuka. Alikuwa Kidoti, kidevu kakibana kifuani, kavimbisha mashavu. Karibu maneno yote yale yanaanza na M na hakuna lililokwama. Mama mkwe naye aliacha kuchambua mchele. Niliogopa kwamba nikisema kitu, sauti ile itatoroka.

Baada ya Kabati kushindwa, Kidoti aligeuka kuniambia kitu kwa sauti yake. "M... m... m..."

"Maji?" nikasema. Akatikisa kichwa kukubali. Nikampa maji.

Jumanne, 1 Aprili

Mume wangu amepiga simu, mtandao mbovu. Kidoti aliongea naye kwa sauti ya Mama Birika. Baba yake akaniuliza, "Umemkaribisha mgeni gani hapo nyumbani?"

Ijumaa, 4 Aprili

Nieleze kuhusu bosi wangu wa kweli. Ni msimamizi wa chumba cha kufulia. Sisi wanawake tunamwita Neno Moja, maana hatoi zaidi ya hilo. "Shuka." "Pasi." "Kunja." Asubuhi tukimwamkia anainua kichwa tu. Mwenzangu ninayeshika naye shuka kwenye rola, yeye pembe zake na mimi zangu, anasema yule anaona maneno yake ni ya dhahabu, akiyatoa yataisha. Leo niliunguza foronya kidogo kwenye rola. Alikuja, akaitazama, akanitazama. "Pole," akasema, akaondoka. Sikujua alikuwa anaiambia foronya au mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya. Nimempeleka Kidoti zahanati na tumerudi, kalala.

Asubuhi kabla ya shule alinivuta gauni. Nilikuwa natafuta kiatu changu kimoja na muda umeshanitupa mkono. "M... m..."

"Nini? Maji? Mkate? Maziwa?"

Alisimama akinitazama. Halafu akakubali kwa kichwa. Maziwa. Nikamimina, akanywa yote, nikamfuta mdomo, nikamsukuma mlangoni.

Jioni alikuwa anachechemea. Nilimuuliza, akafunga mdomo. Nilipouliza kwa ukali zaidi, akafunga zaidi. Mama mkwe akaniambia, "Hebu nipishe." Akakaa chini mbele yake, akavimbisha mashavu, mwanamke mzima wa wajukuu, akasema kwa sauti ya Kabati, "WEWE KIDOTI, NANI KAKUUMIZA KWENYE NYUMBA YANGU?"

Kidoti akajibu kwa sauti ya puani, kama Mama Birika: "Msumari. Mguu unaniuma tangu asubuhi. Mimi sikutaka maziwa."

Nilimvua soksi. Msumari mdogo wa zile takataka za mjomba wake ulikuwa umeingia karibu na kisigino na pale pamevimba, pamewiva. Alikuwa ametembea nao kutwa nzima. Alikunywa maziwa ambayo hakuyataka, kwa sababu kukubali neno langu kulikuwa kwepesi kuliko kungoja apate lake.

Zahanati muuguzi alimuuliza, "Ilikuwaje, mrembo?" na mimi nikajibu. Akamuuliza, "Panauma hapa au hapa?" na mimi nikajibu tena! Muuguzi aliniangalia tu. "Mama, mguu ni wako?"

Wamesafisha, wamemchoma sindano, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, njiani, na mvua ilinisitiri.

Ijumaa, 11 Aprili

Mdogo wangu kaokota misumari yote sebuleni kwa sumaku. Hanitazami usoni. Nimemwambia yaishe.

Jumatano, 16 Aprili

Kidoti na mjomba wake wamefika chumba cha mwisho cha gemu. Bosi wake ni sikio. Sikio kubwa kama mlango, limekaa kwenye kiti, limevaa kofia. Tumemwita Bwana Sikio. Harushi kitu, hatapiki kitu. Ukimpiga na ufagio, anafungua tundu lake na kukumeza, na mifupa yako inatoka upande wa pili ikicheza. Ukimrukia, anakumeza. Mdogo wangu kajaribu vitufe vyote, viwili viwili, vitatu vitatu. Mama mkwe alisema "Shindwa!" mpaka sauti ikakauka. Bwana Sikio anakaa tu.

Roho zinaisha kila siku.

Jumamosi, 19 Aprili

Kidoti anafanya mazoezi ya kusoma. Hadithi waliyopewa inaanza hivi: "Mbuzi mmoja mweupe alimwona mamba mtoni." Aliyeandika kitabu hicho hakuwa na kigugumizi. Kwa sauti ya Kabati anaimaliza yote bila kukwama. Kwa sauti yake hafiki kwa huyo mbuzi.

Mama mkwe anasema asome kwa ya Kabati, kuna ubaya gani? Mimi sijui. Nafurahi kumsikia Kabati. Ila ni binti yangu niliyemzaa, si kabati.

Jumapili, 20 Aprili

Mchana wa leo mvua ilikuwa ya kulalia. Nilikuwa nimefua na kupika, na Kidoti akanipa usukani, maana mjomba wake alikuwa amenyanyua mikono kabisa na Bibi yake alikuwa anasinzia. Nikakaa kochini, Kidoti kaegemea ubavu wangu. Roho ilikuwa imebaki moja. Nikashuka ngazi mpaka kwa Bwana Sikio. Akatokea na kofia yake. Nikawaza, nitampiga, ngoja kwanza niegemee kidogo.

Nililala. Nakiri, nililala fofofo na usukani mapajani.

Nilizinduliwa na Kidoti akinitikisa. Kwenye televisheni Bwana Sikio alikuwa amesimama. Taratibu, akavua kofia. Akainama. Kiti alichokuwa amekalia kikasogea pembeni, na nyuma yake kulikuwa na mlango. Mtoto wa vidoti akatoka nje kwenye jua, na huko Kabati na Mama Birika walikuwa wanaanika nguo kwenye kamba, kwa amani, kama majirani.

Mdogo wangu alikuja mbio kutoka jikoni na kijiko mdomoni. "Dada! Umebonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu. Nililala."

"Ulilala?" Alikaa chini sakafuni. "Siku zote hizi nabonyeza. Kumbe hakutaka kitu chochote."

"Alitaka tunyamaze," mama mkwe alisema akiwa bado kafumba macho. "Si sikio hilo? Sikio lina haja gani na ufagio?"

Kidoti alinigeukia. "M... m..."

Ulimi wangu ulikuwa tayari na maneno matatu. Nikauma meno. Nikaweka usukani chini. Mvua ilipiga bati. Komeo la mdomo wake lilitetemeka, likafunga, likatetemeka tena, na mimi nilimtazama machoni, si mdomoni.

"M-m-mama, umekoroma."

Sikuwa nimeitwa hivyo kwa sauti yake tangu mwaka jana.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikwenda kuomba ruhusa ya siku ya kusoma. Neno Moja alikuwa mezani kwake nyuma ya marundo ya taulo. Nilimweleza yote: mtoto, kigugumizi, mwalimu. Nikamaliza, nikangoja "Hapana," maana ndilo neno nililolitarajia kwake.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Taya lake lilisogea upande, shingo ikakaza, macho yakamtoka. Nami nikaijua ile sura. Naiona kila asubuhi, ina kidoti shavuni. Wanawake wenzangu wangesema ni hasira. Nami wiki mbili nyuma ningesema hivyohivyo, na ningemtupia maneno kumi ili tumalize.

Nilisimama nikangoja. Mashine ya kukamua ilizunguka, ikapunguza, ikanyamaza.

"N-n-nenda," alisema. Kisha, jasho likimtoka, akaongeza mengine, ambayo hajawahi kumpa mtu kwenye chumba kile: "M-m-mwambie asi... asikimbie."

"Nitamwambia, Bosi. Ahsante."

Akainua kichwa. Nilirudi kwenye rola. Mwenzangu akauliza, "Kakupa neno gani leo?" Nikamwambia, "Mengi," nikashika pembe zangu za shuka.

Jumapili, 27 Aprili

Sheria mpya ya nyumba yangu, na mwenye kuivunja ataosha vyombo: hakuna kummalizia mtoto sentensi. Mdogo wangu kaosha mara mbili. Mama mkwe mara moja, akidai vilikuwa vyombo vyake vya siku zote. Mimi sitaji.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinigusa kidevu. Mvua ilikuwa imepumzika na madirisha yote yalikuwa wazi. Wazazi wengine walikuwa wachache. Watoto waliitwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Kidoti, alitembea mbele bila kuchechemea, akafungua kitabu, akabana kidevu kifuani.

"MBUZI MMOJA MWEUPE!" alinguruma kama Kabati.

Darasa zima likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha furaha, hata mimi nilitabasamu. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema kwa upole, "Vizuri. Sasa tusomee kwa sauti yako."

Niliona mashavu yake yakishuka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilichukua mikono yangu, nikaiweka wazi juu ya magoti, kama mtu aliyeweka usukani chini. Aliiona.

"M..." alianza. "M... m..."

Msichana wa dawati la mbele akanong'ona, "Mbuzi." Mwingine akasema kwa nguvu, "Mbuzi, sema mbuzi!" Mwalimu alifungua mdomo kumsaidia. Nilisimama. Sikupanga kusimama.

"Mwalimu, samahani. Neno analijua. Tumngoje."

Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Darasa likanyamaza. Mwalimu alifunga mdomo wake, akaketi. Nami nikaketi, magoti kidevuni, na ulimi wangu ukamtamka mbuzi huyo mara mia ndani ya mdomo na sikumtoa hata mara moja. Kengele ya darasa jingine ililia. Mtu alipita nje na ndoo. Kidoti hakukimbia.

"M-m-mbuzi," alisema. "Mbuzi m-mmoja m... mweupe alim-mwona m-m-mamba m-mtoni."

Akavuta pumzi. Akageuza ukurasa. Alisoma yote, mpaka mamba aliposhiba na mbuzi alipofika ng'ambo. Kwa muda aliotumia kwenye ukurasa mmoja, wenzake wawili wangesoma na kuketi. Hakuna aliyecheka. Kwenye neno la mwisho, yule msichana wa mbele alikuwa ameziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Nimekusikia," mwalimu alisema. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniangalia. "Nimemsikia, Mama Kidoti. Atapanda."

Jumamosi, 10 Mei

Nilimwambia Neno Moja. Alitabasamu. Ana pengo, hatukujua.

Jumapili, 18 Mei

Jua. Mdogo wangu kaziba paa na kaja kuchukua vitu vyake. Televisheni kaichukua, redio kazichukua. Mashine ya gemu kaiacha: "Yule mteja akirudi, mwambieni aje achukue na Bwana Sikio wake." Mama mkwe kaifunika kwa kitambaa kama mgonjwa.

Nilibandika maharagwe, nikatoka nje kuanika. Nguo za mvua nzima, zinanuka kabati. Kidoti alikuja mlangoni. Hakunivuta gauni, alisimama pale kizingitini.

"M... m..."

Nilishusha shuka kwenye beseni. Nikamgeukia, mikono inadondosha maji, nikamtazama machoni. Mama mkwe naye, ndani, aliacha kufagia. Mdogo wangu alisimama na mkokoteni nusu ya njia. Sote tulingoja. Sasa tumejua kungoja. Komeo likatetemeka, likafunga, likatetemeka.

"M-m-mama," alisema binti yangu, "m-m-m... m-maharagwe yanaungua."

Tulikimbia. Yalikuwa yameshashika chini, meusi. Tumeyala hivyohivyo.